Uungwana wa Karatasi: Ramsa za London ya Malkia Victoria na Ardhi ya Taita Taveta

Waswahili husema kwamba uungwana ni vitendo. Kwa kauli hiyo fupi walikwisha kutoa hukumu juu ya kila mtu ajiitaye muungwana kwa sababu ya jina la baba yake, kitambaa cha koti lake au ukubwa wa shamba alilorithi. Nchini Uingereza, katika miongo ya mwisho ya utawala wa Malkia Victoria (1837–1901), tabaka la juu liliishi kwa imani iliyo kinyume kabisa na methali hiyo. Kwa tabaka hilo, uungwana ulikuwa ni kuzaliwa mahali panapostahili, kuandikwa katika kitabu kinachostahili na kutambulishwa na mtu anayestahili. Vitendo vingefuata baadaye, kama vingefuata. Imani hiyo ndiyo iliyofanywa shabaha na watunzi kadhaa wa ramsa, yaani tamthilia za kuchekesha, ambao waliwapa makabaila hao kiti cha mbele ukumbini kisha wakawaonyesha sura yao wenyewe jukwaani.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili aliyelelewa Voi, Mwatate, Wundanyi au Taveta, habari za makabaila wa London zaweza kuonekana kuwa hadithi za mbali, zinazofaa kuachiwa wenzake wa idara ya Kiingereza. Makala haya yanashikilia kwamba dhana hiyo si sahihi. Tabaka lililochekwa katika kumbi za London lilifika Taita Taveta kwa miguu yake, likatwaa ardhi, likajenga kasri juu ya kilima, na likaacha nyuma yake desturi ya kuiamini karatasi kuliko mtu. Kitu kimoja tu halikukileta: kicheko cha kulisuta. Kicheko hicho inafaa kitafutwe sasa, na kitafutwe kwa Kiswahili.

Kicheko chenye meno

Tashtiti hiyo haikuanza na mtu mmoja. W. S. Gilbert, akishirikiana na mtunzi wa muziki Arthur Sullivan, aliwakejeli wakubwa wa jeshi la majini katika "H.M.S. Pinafore" (1878) na Bunge la Malodi katika "Iolanthe" (1882). George Bernard Shaw aliuumbua ushujaa wa kijeshi katika "Arms and the Man" (1894). Oscar Wilde naye aliandika mfululizo wa ramsa kuhusu sebule za wakubwa, kuanzia "Lady Windermere's Fan" (1892). Inafaa kukumbukwa kwamba Wilde na Shaw, wote wawili, walizaliwa Dublin, katika nchi ya Ireland iliyokuwa chini ya utawala wa Uingereza. Waliingia katika sebule za London kama wageni walioalikwa. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga. Lakini mwenyeji huyu hakujua kwamba anaugua.

Sababu ya kuchagua kicheko haikuwa ya kisanaa pekee. Sheria ya mwaka 1843 iliagiza kwamba tamthilia yoyote mpya ipelekwe kwanza kwa Lord Chamberlain, afisa wa nyumba ya kifalme, ili aikubali au aikatae kabla haijaonyeshwa hadharani. Mamlaka hayo yalidumu hadi mwaka 1968. Tamthilia ya Wilde iitwayo "Salomé" ilikataliwa mwaka 1892. "Mrs Warren's Profession" ya Shaw, ambayo ilithubutu kuonyesha jinsi mali ya watu wenye heshima inavyoweza kutokana na ukahaba, nayo ilinyimwa kibali. Katika hali kama hiyo, ramsa ilikuwa njia ya kupitishia lango kuu kile ambacho kingekamatwa kama kingesemwa kwa uso mkavu. Mkaguzi alicheka, akatia sahihi.

Kilele cha aina hii ya utunzi ni "The Importance of Being Earnest" ya Wilde, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa St James's, London, tarehe 14 Februari 1895. Jack Worthing, kijana mwenye mali na nyumba ya shamba, amejizulia ndugu mtukutu aitwaye Ernest ili apate kisingizio cha kwenda kustarehe mjini. Rafiki yake Algernon amejizulia mgonjwa wa kudumu aitwaye Bunbury ili apate kisingizio cha kuzikimbia karamu za shangazi yake. Msomaji wa Kenya aliyewahi kumsikia mfanyakazi wa ofisi akiomba ruhusa ya kumzika babu yule yule mara tatu hahitaji maelezo zaidi.

Gwendolen, binamu wa Algernon, anampenda Jack kwa sababu anaamini kwamba jina lake ni Ernest. Cecily, msichana aliye chini ya ulezi wa Jack, anampenda Algernon kwa sababu iyo hiyo. Wanaume hao wawili, kila mmoja kwa siri yake, wanakwenda kumwomba kasisi awabatize upya. Katikati ya vurumai hiyo anasimama Bibi Bracknell, mama wa Gwendolen na shangazi wa Algernon, akiwa na daftari na kalamu ya risasi. Anamhoji Jack kama karani anayeandikisha bidhaa bandarini: umri wake, kipato chake, nyumba zake, mwelekeo wake wa kisiasa. Jack anafaulu kila swali mpaka anapoulizwa kuhusu wazazi. Hapo inambidi akiri kwamba hawajui. Alipokuwa mtoto mchanga aliokotwa ndani ya mkoba katika chumba cha kuhifadhia mizigo cha stesheni ya Victoria. Posa inavunjika papo hapo.

Hadhira ya Taita Taveta isingehitaji mkalimani kumwelewa Bibi Bracknell. Shangazi anayesimamia posa, anayepima ukoo wa mwombaji kwa jicho moja na mifuko yake kwa jicho la pili, ni mhusika anayefahamika Pwani na milimani vile vile.

Mwisho wa mchezo ndio unaobeba sumu yote. Inagunduliwa kwamba yaya mmoja, miaka mingi iliyopita, alichanganyikiwa akamtia mtoto ndani ya mkoba na mswada wa riwaya yake ndani ya kigari cha mtoto. Jack kumbe ni mwana wa dada yake Bibi Bracknell. Orodha ya maofisa wa jeshi inafunguliwa, jina la marehemu baba yake, aliyekuwa jenerali, linatafutwa, na jina lenyewe ni Ernest. Pingamizi zote zinaanguka. Mtu ni yule yule, mapenzi ni yale yale, pesa ni zile zile. Kilichobadilika ni mstari mmoja katika kitabu. Wilde hakuhitaji kuhubiri. Alionyesha tu jamii ambayo inaamini maandishi kuliko inavyoamini kiumbe aliyesimama mbele yake, akaiacha icheke.

Mwaka ule ule

Historia nayo ina kinaya chake. Tamthilia hiyo ilipokuwa bado jukwaani, Wilde alikamatwa tarehe 5 Aprili 1895 kwa mashtaka yaliyohusu uhusiano wake na wanaume. Jina lake liliondolewa kwenye matangazo ya mchezo, ingawa mchezo wenyewe uliendelea kwa muda. Tarehe 25 Mei alihukumiwa kifungo cha miaka miwili pamoja na kazi ngumu. Alifariki Paris tarehe 30 Novemba 1900. Jamii iliyokuwa imecheka kuhusu jina katika kitabu ililifuta jina la mtunzi wake kwa kalamu, kwa uso usio na tabasamu.

Wiki chache baada ya hukumu hiyo, tarehe 1 Julai 1895, serikali iyo hiyo ya London ilitangaza Himaya ya Afrika Mashariki ya Uingereza. Matukio haya mawili hayakusababishana. Hata hivyo, yalitoka katika mji mmoja na katika mawazo ya aina moja: kwamba kutangaza kitu katika waraka ni sawa na kukifanya kiwe. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilikuwa imekwisha kuipita Voi simba wa Tsavo walipowaandama wajenzi wake mwaka 1898. Nyuma ya reli zikaja sheria za ardhi. Sheria ya Ardhi ya Kifalme ya mwaka 1902 iliruhusu mlowezi apewe ardhi kwa mkataba wa miaka 99. Ile ya mwaka 1915 iliongeza muda huo hadi miaka 999, na ikaiweka ardhi wanayokaa Waafrika kuwa mali ya Taji la Uingereza. Mwenyeji ambaye makaburi ya babu zake yalikuwa mbele ya nyumba yake alijikuta katika hali ya Jack Worthing mbele ya daftari la Bibi Bracknell. Alikuwa na kila kitu isipokuwa karatasi. Tofauti ni kwamba hapa hapakuwa na yaya wa kutokea katika sehemu ya mwisho na kuleta ushahidi.

Suala la majina nalo lilikwisha kufika milimani mapema. Mmisionari J. A. Wray wa shirika la CMS alifika Sagalla mwaka 1883, na misheni ya Kikatoliki ya Bura ilianzishwa mwaka 1892. Mgala muue na haki umpe: misheni hizo zilileta shule na uandishi, na wengi walioupokea ubatizo waliupokea kwa imani ya kweli ambayo si ya kuchezewa. Ila pamoja na imani yalikuja majina ya Uingereza ya karne ya 19, na pamoja na majina ilikuja dhana kwamba mwenye jina hilo amekaribia ustaarabu kuliko ndugu yake asiyekuwa nalo. Katika jukwaa la London, mtu anayetaka kubatizwa upya ili aonekane muungwana alikuwa kichekesho. Katika makoloni, dhana iyo hiyo ilifundishwa bila kicheko chochote.

Kasri juu ya kilima

Yeyote anayedhani kwamba Bibi Bracknell ni mhusika wa kubuni tu na afike Taveta. Juu ya kilima, mahali panapoonekana Mlima Kilimanjaro upande mmoja na nchi ya Ziwa Jipe upande wa pili, limesimama kasri lililojengwa na Ewart Grogan katika miaka ya 1930. Jengo hilo hujulikana pia kwa jina la Girigan, yaani jina la bwana huyo lilivyotamkwa na wenyeji.

Maisha ya Grogan yanafanana na ramsa ya kipindi hicho kiasi cha kutia shaka. Alizaliwa mwaka 1874. Alipompenda Gertrude Watt, msichana wa New Zealand, baba wa kambo wa msichana huyo alimwona kuwa kijana asiye na mbele wala nyuma. Ili athibitishe kwamba anastahili, Grogan aliamua kusafiri kutoka kusini mwa Afrika hadi Kairo, sehemu kubwa kwa miguu. Alikamilisha safari hiyo mwaka 1900, akachapisha kitabu chake "From the Cape to Cairo" akishirikiana na Arthur Sharp, na mwaka huo huo akamwoa Gertrude. Bara zima la Afrika, pamoja na mataifa na lugha zake, lilikuwa limegeuzwa kuwa jibu la swali moja la posa katika sebule ya watu wengine.

Hadi hapo, hadithi inachekesha. Kisha sehemu ya pili inaanza. Grogan alihamia Kenya akawa mmoja wa walowezi wakubwa. Mwezi Machi 1907, mbele ya mahakama ya Nairobi, aliwachapa viboko hadharani Waafrika waliokuwa wakivuta riksho, bila kesi yoyote kusikilizwa. Kosa walilodaiwa kulitenda ni kuwakosea adabu wanawake wa Kizungu. Alihukumiwa kifungo cha mwezi mmoja. Adabu ya sebuleni, ambayo Wilde aliidhihaki kwa sandwichi za matango na vikombe vya chai, hapa ililindwa kwa kiboko. Baadaye Grogan alijipatia maelfu ya ekari katika nchi ya Taveta, akalima mkonge, akajenga kasri lake. Alifariki mwaka 1967, Kenya ikiwa imekwisha kupata uhuru, na ardhi ya mashamba hayo ikabaki kuwa chanzo cha malalamiko ya maskwota hata baada yake.

Wenyeji hawakukaa kimya. Mwishoni mwa miaka ya 1930, Wataita waliunda Taita Hills Association, ambamo Mengo Woresha alikuwa miongoni mwa viongozi, wakapinga kuporwa kwa ardhi yao. Mwaka 1940 serikali ya kikoloni ilikipiga marufuku chama hicho pamoja na Kikuyu Central Association na chama cha Wakamba. Mwaka 1948 nchi ya Tsavo ikatangazwa kuwa mbuga ya wanyama. Leo, takriban asilimia 62 ya eneo la kaunti, ambalo ni zaidi ya kilomita za mraba 17,000, limo ndani ya mbuga hiyo. Ukiondoa ranchi na mashamba ya mkonge, sehemu wanayobaki nayo wakulima wa kawaida ni ndogo mno. Ndiyo maana swali la Bibi Bracknell kuhusu mali aliyo nayo mtu halichekeshi Voi kwa namna lilivyochekesha London. Linachekesha, kisha linauma.

Watumishi wasio na hadithi

Katika ramsa ya Wilde wamo watumishi wawili, Lane na Merriman. Wanaleta chai, wanatangaza wageni, wanaondoka. Algernon anapozila sandwichi zote za matango zilizoandaliwa kwa ajili ya shangazi yake, ni Lane anayedanganya, bila kupepesa macho, kwamba matango hayakupatikana sokoni. Mtumishi anaulinda uwongo wa bwana wake, na mchezo unasonga mbele. Hata tashtiti hii kali haikupata nafasi ya kuuliza Lane mwenyewe alikula nini siku hiyo.

Voi ina kumbukumbu yake ya jambo hili. Tarehe 14 Mei 1931, ndege ndogo iliyokuwa ikiendeshwa na Denys Finch Hatton ilianguka mara tu baada ya kuruka kutoka Voi. Finch Hatton, aliyezaliwa mwaka 1887, alikuwa mwana wa Earl wa Winchilsea. Tabaka lile lile, kizazi kilichofuata. Jina lake lilivuma duniani kupitia kitabu cha Karen Blixen cha mwaka 1937, "Out of Africa", na filamu iliyotokana nacho mwaka 1985. Katika ndege hiyo hakuwa peke yake. Mtumishi wake aliyeitwa Kamau alikufa pamoja naye. Kuhusu mmoja kuna vitabu. Kuhusu wa pili, aghalabu, kuna nusu ya sentensi. Kifo kiliwasawazisha, lakini karatasi ikawatenganisha tena.

Hapa ndipo jukwaa la Kiswahili linapoweza kufanya lile ambalo jukwaa la Wilde halikulifanya. Tamthilia andishi za Kiswahili nchini Kenya zenyewe zilianza kwa vichekesho. Katika miaka ya 1950, wanafunzi wa Shule ya Upili ya Alliance waliandika na kuigiza michezo kama "Nakupenda Lakini" ya Henry Kuria, iliyochapishwa mwaka 1957, na "Nimelogwa! Nisiwe na Mpenzi" ya Gerishon Ngugi, iliyochapishwa mwaka 1961, ambayo inahusu mapenzi na ndoa. Baadaye vichekesho vya redio na televisheni vilimpa mpishi, bawabu na mshtakiwa maskini nafasi ya kusema kwa wingi kuliko tajiri wake. Iwapo ramsa ya Wilde itachezwa Voi, Lane hana budi kupewa ulimi.

Pingamizi

Lipo pingamizi zito ambalo si haki kulipuuza. Wapo watakaouliza kwa nini chama cha Kiswahili kipoteze muda wake kwa michezo ya Waingereza, ilhali wazalendo walipigana miaka mingi kuiondoa jukwaani. Mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walidai Idara ya Kiingereza katika chuo kikuu cha Nairobi ivunjwe ili fasihi ya Afrika iwekwe katikati. Mwaka 1976, "The Trial of Dedan Kimathi" ilipohitaji Jumba la Kitaifa la Michezo ya Kuigiza, ilipewa siku chache tu, kwa kuwa ukumbi ulikuwa umetengewa maonyesho ya kigeni, mojawapo ikiwa ni ramsa iitwayo "A Funny Thing Happened on the Way to the Forum". Mwaka uliofuata, mchezo wa Kamĩrĩĩthũ ulinyang'anywa leseni na Ngũgĩ akawekwa kizuizini. Je, si kweli kwamba ramsa za Ulaya zilitumika kuwanyima Waafrika jukwaa?

Ni kweli. Lakini kosa la mwaka 1976 lilikuwa la wenye ukumbi, walioitumia ramsa kama pazia la kufunikia historia. Kicheko cha makabaila wakiburudika ni kitu kimoja. Kicheko cha kuwasuta makabaila ni kitu kingine. Kinachohitajika ni kuzipokonya tamthilia hizi kutoka mikononi mwa wale wanaozipenda kwa ajili ya kofia na lafudhi. Shule inayowavika wanafunzi wake glavu nyeupe na kuwafundisha kushika kikombe kama Bibi Bracknell, kisha ikaita zoezi hilo utamaduni, imeutafsiri mchezo kinyume. Imemchukua mtu aliyechekwa ikamfanya kielelezo.

Kiswahili kina uzoefu wa kazi hii. Christon Mwakasaka aliitafsiri tamthilia ya Nikolai Gogol kwa jina "Mkaguzi Mkuu wa Serikali", na wasomaji wa Afrika Mashariki hawakuona Urusi ndani yake. Waliona ofisi zao. Humo pia, mji mzima unamwinamia mtu mdogo kwa sababu ya cheo ambacho hana. Timothy Arege katika "Mstahiki Meya" (2009) hakuhitaji hata kuazima. Baraza la mji wa Cheneo linaoza chini ya kiongozi ambaye heshima yake yote imo katika neno linalotangulia jina lake.

Kazi iliyopo

Mfasiri atakayeikabili ramsa ya Wilde atakutana na fumbo katika kichwa chake. Kwa Kiingereza, jina Ernest linatamkwa sawa na neno lenye maana ya mtu mkweli, asiyefanya mzaha. Lugha nyingi zimetaabika kulipatia kisawe. Kiswahili kinalo jina Sadiki, ambalo hubeba maana ya mkweli, na papo hapo ni kitenzi cha kuamini. Msichana anayesema kwamba hawezi kuolewa na mwanamume ila Sadiki, kwa kuwa jina hilo linasadikisha, atakuwa amesema kwa Kiswahili jambo ambalo Kiingereza chenyewe hakikulisema kikamilifu. Kwa kuwa Sadiki ni jina linalopatikana zaidi miongoni mwa Waislamu, mfasiri itambidi aamue la kufanya na kasisi na ubatizo. Yamkini mahali pake patafaa karani wa kuandikisha vizazi, mwenye muhuri na kiburi chake. Mkoba nao hauna haja ya kusafiri hadi London. Voi ni njia panda ya reli tangu tawi la Taveta lilipojengwa wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Mtoto na aokotwe hapo. Na kitabu kinachofunguliwa mwishoni kisiwe orodha ya maofisa wa jeshi. Kiwe rejista ya ardhi. Hadhira ya Voi na Taveta itajua la kufanya na kicheko chake.

Kazi hiyo haitakosa hatari. Tangu mwaka 2013, serikali za kaunti zilipoanza, idadi ya watu wanaotangulizwa na neno "Mheshimiwa" imeongezeka, na si wote wanaopenda kuchekwa. Mwaka huo huo, tamthilia "Shackles of Doom" ya wasichana wa Butere ilipigwa marufuku katika tamasha la shule hadi Mahakama Kuu ilipoiondolea marufuku hiyo. Mwezi Aprili 2025, huko Nakuru, wanafunzi wa shule hiyo walioandaa "Echoes of War" waliimba wimbo wa taifa wakaondoka jukwaani bila kuigiza, huku polisi wakitumia gesi ya kutoa machozi nje. Lord Chamberlain aliondolewa mamlaka yake mwaka 1968, lakini kivuli chake hakijachoka kusafiri. Ikumbukwe kwamba Wilde na Shaw walifanya kazi chini ya kivuli hicho, na kwamba ramsa ilikuwa mojawapo ya njia zao za kukipita.

Wanafunzi wa Kiswahili wa Taita Taveta, kwa hiyo, wanayo mali ambayo wenzao wa London hawana. Wanalo kasri. Wanayo stesheni. Wanayo mashamba ya mkonge ambayo mipaka yake iliandikwa na watu waliofanana mno na wahusika wa ramsa hizi. Wanayo lugha ambayo ilikwisha kuamua, kwa maneno matatu tu, ugomvi ambao Wilde aliuandikia michezo mizima. Kilichobaki ni kupanda jukwaani, kumpa mtumishi maneno ya kusema, na kufungua ile rejista mbele ya watu wote.